Majibu ya Udongo wa Mama Njoki

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kupima udongo na maji, mkinitembelea hapa nyumbani huwa mnaniuliza habari za mashine. Ipi ni sahihi, ipi inadanganya, na kama ni kweli kuna kile kidude cha kushika mkononi kinachotoa majibu papo hapo. Nawajibu ninavyoweza, nawapa chai, mnaenda. Mkishafunga geti hubaki nikijiambia kwamba sijawaambia jambo lenyewe. Leo nimeamua kuliandika, maana nikilisimulia kwa mdomo nikifika mahali fulani huwa nanyamaza.

Mimi ni Rosebella Nekesa. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli. Kampuni yetu iliitwa kila palipokuwa na sumu iliyomwagika au kutelekezwa, na mimi ndiye niliyetangulia na chupa zangu kujua sumu imefika wapi. Ofisi ilikuwa mjini, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ikijisikia.

Aliyenifundisha ni Bwana Odhiambo, fundi mkuu wetu, mtu mwembamba wa maneno machache ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Wiki yangu ya kwanza aliniachia visima kumi na viwili kule Dagoretti. Niliandika lebo zangu kwa biro, kwa mwandiko mzuri kabisa, mvua ikanyesha. Tulipofika maabara, chupa zote zilikuwa na michirizi ya bluu tu.

"Rose, hii ni ya kisima gani?"

"Nafikiri ni ya pale kanisani."

"Unafikiri?"

Akaimwaga kwenye sinki. Akaimwaga na ya pili, na ya tatu, hadi zote kumi na mbili, mimi nimesimama hapo nikitaka kulia. Kesho yake tukarudi Dagoretti kwenye matope, tukaanza upya kisima cha kwanza. Tangu siku hiyo naandika lebo kwa penseli. Penseli haiogopi maji. Na sampuli ya dawa za wadudu usiitie kwenye plastiki, dawa itashika kwenye kuta za chupa na majibu yatatoka mazuri kuliko ukweli, tumia glasi. Anza kuchimba upande unaodhani ni safi, malizia upande mchafu, usije ukabeba uchafu kwa buti zako mwenyewe halafu ukaugundua kwa furaha. Hayo nimewaambia mara nyingi. Ni ya kweli, yashikeni. Lakini si hayo yanayoninyima usingizi.

Mbele ya maduka ya Adams Arcade, ukiifuata Ngong Road kuelekea Karen kisha ukate kushoto kuteremka mtoni, palikuwa na mahali watu walipaita Kwa Dawa. Ilikuwa stoo ya zamani ya dawa za kuua wadudu wa mimea. Wenyewe walikuwa wamefunga na kwenda zao miaka mingi nyuma, na dawa zikabaki ndani. Magunia yalioza, mapipa yakatoboka kutu, paa likaanguka upande mmoja. Siku ya jua kali harufu yake ilikukamata kooni kutoka barabarani.

Na watu hawakuiogopa hata kidogo. Mbuzi walilala kwenye kivuli chake. Vijana walicheza karata pale kizingitini. Mapipa mazima mazima yalikuwa yameshabebwa siku nyingi, yakaoshwa, yakawa ya maji majumbani. Niliuliza mama mmoja kama harufu haimsumbui, akaniambia, "Ah, hiyo tumezoea. Hata inafukuza mbu."

Hofu ilianza siku tulipokuja sisi. Tulishuka kwenye gari tukiwa na ovaroli nyeupe hadi kichwani, glavu, na barakoa zenye midomo kama ya nguruwe. Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba kuna sumu imeletwa. Sikilizeni neno hilo: imeletwa. Iliyokuwa pale miaka yote hawakuiona. Walituona sisi. Kuna waliosema tunapima ardhi ili inyang'anywe. Kuna waliosema ni mambo ya shetani, na sikuwalaumu, maana hata mimi nilipojiona kwenye kioo cha gari nilishtuka.

Chini kidogo ya stoo palikuwa na shamba la Mama Njoki. Lilikuwa dogo, robo ekari labda, la urithi wa watu wa mume wake, limezungushwa ua wa kayaba, ule wa miiba mirefu. Alilima sukuma wiki na spinachi, na kila siku hadi jioni alikuwa pale stejini Adams, kwenye kituo cha matatu, na beseni mbili. Wanawake wa maofisini waliokuwa wakishuka jioni walikuwa wanamtafuta yeye kwa jina. Alikuwa na kisu chembamba cha kukatia sukuma, na akikukatia ni kama nyuzi, hujaona kitu kama hicho. Mume wake alikuwa amefariki. Alikaa na bintiye, Njoki, ambaye alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Mama Njoki peke yake ndiye aliyetukaribia siku hiyo ya kwanza.

"Wewe ndani ya hiyo nguo, ni mtu ama ni nini?"

Nikatoa barakoa. Akacheka. "Kumbe ni mama kama mimi! Kuja unywe uji, hiyo jua itakuua kabla ya hiyo dawa."

Nilikunywa uji wake. Kisha nikachukua udongo wa shamba lake sehemu tano, na majani ya sukuma, na maji ya kisima. Aliniuliza majibu yatachukua muda gani, nikamwambia wiki tatu.

Sasa kosa la kwanza. Ramani ilionyesha kwamba uzio wa kufunga eneo upite hatua ishirini kutoka stoo. Lakini pale chini kulikuwa na mwamba, nguzo zikakataa kuingia, vijana wa kazi wakachoka, jua likazidi. Nikatazama chini nikaona ua wa kayaba umesimama tayari, mzuri, umenyooka. Nikawaambia waufunge utepe hapo hapo, na ule ubao wenye fuvu la kichwa na maneno HATARI SUMU waupigilie kwenye nguzo ya geti lake.

Mama Njoki akatoka. "Madam, sasa hii kichwa ya mtu aliyekufa inafanya nini kwa geti yangu?"

"Ni ya siku mbili tu, mama. Tukipata mashine ya kutoboa mwamba tunaitoa."

Ilikaa hapo miezi minne.

Siku ya tatu mtu alipita akapiga picha: fuvu mbele, sukuma nyuma, kijani kibichi. Ikaingia kwenye WhatsApp na maneno, "Hii ndiyo sukuma mnakula hapo Adams." Sijui ni nani, na sijui kama alikuwa na nia mbaya. Pengine alidhani anaokoa watu. Mimi pia niliipokea picha hiyo, kutoka kwa dada yangu aliyekuwa hajui kwamba ubao ule niliuweka mimi.

Mama Njoki alienda stejini siku iliyofuata akarudi na beseni zote mbili zimejaa. Akaenda tena, akarudi nazo. Wateja walikuwa wanavuka barabara ili wasimsalimie.

Wa kwanza kuacha kununua alikuwa Mzee Kamotho, jirani yake, mwenye nyumba za kupangisha. Namtaja kwa sababu ya mapipa. Kwenye ploti yake alikuwa na mapipa sita ya bluu kutoka ile stoo, na wapangaji wote walikuwa wanachota maji ya kunywa humo. Nilienda mara tatu kumwomba atupe tuyachukue.

"Hii nimeosha na Omo na maji moto, mama. Miaka kumi watu wanakunywa na hakuna mtu amekufa. Nyinyi nendeni mfunge hiyo shamba ya sukuma, hiyo ndiyo mbaya. Si mmeweka alama wenyewe?"

Ni kweli, alama niliiweka mwenyewe.

Mara ya nne nilienda na Bwana Odhiambo. Hakubishana naye. Aliomba pipa moja limwagwe maji, akalifunga kifuniko, akaliweka juani. Tukakaa kwenye ngazi tukaongea habari za mahindi ya Trans Nzoia kwa muda wa saa nzima. Kisha akamwambia mzee asimame mbali kidogo, upande unakotoka upepo, akafungua kifuniko kwa kijiti. Ile harufu ya stoo ilitoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Wapangaji waliokuwa wakifua waliacha kufua. Mzee Kamotho alivua kofia yake akaishika mikononi.

"Wajukuu wangu wanakunywa hii," akasema, kwa sauti ndogo.

Tuliyabeba yote sita siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nawaambia, maneno "hatari" na "salama" hayamwingii mtu. Mwonyeshe. Na umwonyeshe bila kumdhalilisha mbele ya watu wake.

Lakini Mama Njoki mimi sikumwonyesha kitu.

Majibu yake yalirudi kwa wakati, baada ya wiki tatu, kama nilivyomwahidi. Nilikuwa peke yangu ofisini nilipofungua bahasha. Udongo wa stoo ulikuwa mbaya kuliko tulivyodhani. Udongo wa shamba, sehemu zote tano, ulikuwa safi. Majani safi. Kisima safi. Mteremko ule ulikuwa unapeleka maji upande mwingine kabisa, na ule mwamba uliotukatalia nguzo ndio uliokuwa umelinda shamba lake.

Nilikimbia kwa mkubwa wa mradi. Alisoma, akanirudishia.

"Usitoe chochote kipande kipande. Ukisema hapa ni safi, kesho kila mtu atataka chake, na kukitokea kosa tutashtakiwa. Ripoti nzima itatoka ikikamilika."

"Na huyu mama?"

"Atasubiri na wenzake."

Nikatia nakala kwenye droo yangu. Nilijiambia utaratibu ni utaratibu. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na mkubwa huyo ndiye aliyekuwa akitia sahihi mkataba wangu. Nayasema haya mjue ilivyokuwa. Msiyachukue kama sababu.

Siku chache baadaye Mama Njoki alikuja ofisini. Lifti haikuwa ikifanya kazi. Alipanda ghorofa nne na nguo zake za kanisani, kitambaa cheupe kichwani, akaketi mbele ya meza yangu akishusha pumzi. Droo ilikuwa hapa, karibu na goti langu la kulia.

"Madam, nimekuja kuuliza kama majibu yangu imetoka."

"Bado tunasubiri, mama."

"Mimi si mambo ya biashara imenileta. Biashara Mungu anajua. Ni huyu msichana wangu. Ako miezi saba. Tangu mimba iingie amekuwa akikula hiyo sukuma kila siku, mimi ndiye nampikia. Niambie tu, wewe ni mama. Ni mbaya?"

Nilikuwa nimeshaisoma karatasi ile mara kumi. Nilijua kila tarakimu. Nikamwambia, "Kwa sasa, mama, afadhali asile. Ili tuwe salama."

Ili tuwe salama. Sisi.

Aliinamisha kichwa akanishukuru. Akashuka ngazi.

Wiki iliyofuata Njoki alipoteza mtoto. Habari nilizipata kwa vijana wa kazi, walioambiwa na watu wa kanisa, na watu wa kanisa walikuwa wameshajua sababu. Ni sukuma. Hata kwenye msiba ule hawakukaa sana, kuna walioogopa kunywa chai ya nyumba hiyo. Niliporudi Kwa Dawa kusimamia uchimbaji, lile shamba lilikuwa jeusi. Mama Njoki alikuwa ameing'oa sukuma yote kwa mikono, akairundika katikati, akaichoma. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na lile fuvu bado liko pale.

Kazi ya kusafisha tuliifanya vizuri, hilo naweza kusema. Tulichimba udongo mbaya wote, tukautia kwenye mapipa mapya ya kufungwa, ukapelekwa mbali kuchomwa kwenye tanuri inayofaa. Tukapima tena, tukapima mara ya tatu. Mahali pale sasa ni safi kuliko viwanja vingi vya shule. Lakini watu waliona malori yakitoka yamefunikwa turubai wakasema tunazika kitu. Leo hii wapo wanaopita pale wameziba pua, na hakuna harufu yoyote.

Ripoti ilisomwa kwenye ukumbi wa kanisa, kwa Kiingereza, na picha za ukutani zenye mistari ya rangi. Mtaalamu alipomaliza akasema kwamba hatari iliyobaki iko katika kiwango kinachokubalika. Mama mmoja akainua mkono.

"Kinachokubalika na nani?"

Watu wakacheka. Mtaalamu akacheka pia, akafunga kompyuta yake. Sentensi kuhusu shamba la chini, kwamba halikuwahi kuwa na sumu, ilikuwa ukurasa wa tisini na kitu. Hakuisoma. Mama Njoki hakuwepo. Alikuwa ameshalikodisha shamba lake kwa mtu wa kuosha magari, amehama.

Nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani na maneno matamu. Kila nilipopita Adams macho yangu yalikuwa yanatafuta beseni mbili.

Mwaka jana nilikutana na Mzee Kamotho kwenye foleni ya benki, amezeeka sana. Yeye ndiye aliyeniambia. "Yule mama ako River Road. Anauza vifungo na uzi, kwa ile njia ya mafundi wa kushona." Akanitazama. "Mimi nilikuwa mtu mbaya kwake. Nilienda nikamwambia pole. Wewe je?"

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile nakala. Nilikuwa nimeibeba siku niliyostaafu, sijui kwa nini. Nilikaa mezani nikaiandika upya kwa Kiswahili, nusu ukurasa tu, maneno ambayo mtu yeyote angeelewa. Iliniuma kuona ilivyokuwa rahisi. Dakika kumi.

River Road haijabadilika, unasukumwa mpaka unafika. Kibanda chake kilikuwa upana wa mlango, ukuta mzima vifungo vya kila rangi. Alikuwa amevaa miwani. Alinitambua kabla sijasema neno.

"Madam wa nguo nyeupe."

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tuko rika moja. Sikujua niseme nini kingine.

Akanivutia kigoda. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole akifuata mistari kwa kidole. Akafika mwisho, akaanza tena juu.

"Hapa imesema safi."

"Ilikuwa safi, mama. Wakati wote."

"Mimi mwenyewe niliacha kuikula," akasema. "Unajua hiyo? Nilikuwa nanunua ya watu wengine. Niliogopa mikono yangu." Akavua miwani, akaifuta kwa leso ambayo ilikuwa chafu kuliko miwani. "Njoki aliniuliza mara moja tu. Alisema, mama, ulikuwa unanilisha nini? Halafu akaenda Nakuru. Ameolewa, ako na watoto wawili. Mimi huwaona kwa matanga."

Nikamwambia nisichokijua, kwa sababu hilo nalo ni kazi yetu. Sijui mtoto alifariki kwa nini, na hakuna karatasi yangu inayoweza kusema. Ninachojua ni kwamba haikuwa sukuma yake.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alichukua simu, akabonyeza, akanipa.

"Msomee. Mimi akisikia sauti yangu atasema ako kazini, akate simu."

Njoki alishika. Nikajitambulisha, nikasoma ile nusu ukurasa, sauti yangu ikikatika na kelele za makanga wa matatu nje.

"Hiyo majibu ulipata lini?" akauliza.

Ningeweza kusema ripoti ilichelewa. Ingekuwa kweli pia, kwa namna fulani.

"Kabla mama yako hajaja ofisini kuniuliza," nikasema. "Yalikuwa kwenye droo yangu. Nilimwambia bado."

Kwa mbali kule kwake mtoto alikuwa akiimba wimbo wa shule.

"Mpe mama simu," akasema.

Nikampa. Nikatoka nje nikasimama kati ya mafundi na cherehani zao, mgongo wangu kwa kibanda, nisisikie. Walikaa kwenye simu muda mrefu sana. Wateja wawili walikuja wakitaka vifungo, nikawaambia wangoje.